Paswadi ya Mudir

Mashine ilimkatalia Bior, fundi wa kompyuta, mara ya tatu: huna ruhusa.

Yeye alikuwa mtaa wa Jebel, kompyuta ya zahanati iko Mangateen, upande mwingine wa mji. Kwa mbali aliona skrini yake yote, hata kipimo cha friji ya chanjo: digrii saba. Ikipita nane, chanjo za watoto zimeharibika. Programu ya kurudisha umeme wa friji ilitaka ruhusa ya root, msimamizi mkuu wa mashine, na root ilimkubali tu mtu aliyekaa mbele ya mashine yenyewe. Bior ndiye aliifunga hivyo.

Akapiga simu zahanati, akitaka nesi. Akapokea mudir, bosi mwenyewe.

"Manesi wako na wagonjwa. Kisanduku hapa kwa skrini kinaitisha paswadi. Leta."

Paswadi hiyo Bior aliiweka siku ile mudir alimwita punda wa darasa la sita, mbele ya manesi wote.

"Mudir, ngoja nikuje na boda."

"Na hii matope? Utafika chanjo imekuwa supu. Sema, ya zol, wewe jamaa!"

Saba nukta sita.

"M," Bior akasema. "U. D. I. R."

Mudir alibonyeza kwa kidole kimoja, akirudia kila herufi kwa sauti. Halafu akacheka.

"Mudir! Kumbe unaniheshimu, kijana. Endelea."

Jasho lilishuka shavuni mpaka likalowesha simu. Saba nukta tisa.

"N. I. P. U. N. D."

Kule Mangateen, kidole kikaacha kubonyeza.

"Imebaki moja tu, mudir," Bior akasema.