Njia ya Baba Damalie

"Kukhu, kaa uone," mjukuu wangu Damalie akaniambia. Studio yake na wenzake ya michezo ya kompyuta, iliyoanzia chumba cha nyuma hapa kwetu Busia, ilikuwa imetoa mchezo wake wa kwanza.

Kwenye kioo, mwanamume alibeba petroli ya magendo kwa baiskeli. Suruali ameikunja mguu mmoja isiliwe na mnyororo, kama afanyavyo mwanangu, baba yake Damalie, akienda kubeba yake. Akapinda penye mvule uliopigwa na radi, akavuka mpaka.

"Hiyo njia ya panya umeitoa wapi?"

"Kwa baba. Tumechora hadi miti, Kukhu."

"Na polisi, hawachezi?"

Akacheka. "Wanacheza sana. Wale wa kizuizi cha barabarani wanao mchezo huu tangu asubuhi."

Nikageukia ukuta ambapo mwanangu huegemeza baiskeli. Palikuwa na alama ya mafuta tu.