Folda ya Picha Zilizoharibika

Kidole cha Rozina kilikuwa juu ya Enter. Kompyuta ilimuuliza kama kweli anataka kufuta folda nzima ya picha zilizoharibika, na jibu la ndiyo lilikuwa tayari limewaka bluu. Mausi ya steshenari ilikufa zamani. Kila kitu alikifanya kwa vitufe, vidole vikimtangulia akili.

Kivuli kikaziba mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Wiki iliyopita ulimpiga mke wangu picha ya kitambulisho. Tunamzika kesho. Naomba ya kuweka kwenye msalaba."

Rozina akabonyeza Esc. Akafungua folda ya picha nzuri, akaandika jina alilotajiwa, na uso ukajaa kwenye kioo: macho makavu, midomo imefungwa, kama alivyomwamuru baada ya kumkemea asicheke.

Mzee aliutazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema taratibu. "Lakini mbona kanuna hivi? Mama watoto alikuwa mtu wa kucheka."

Rozina alirudi kwenye folda ya zilizoharibika, akashuka kwa kitufe cha mshale, picha moja baada ya nyingine, mpaka ulipotokea uso ule ule ukicheka, na mzee akavua kofia.