Kiapo cha Ciakuthii

Kijiji chao kilipozungushiwa handaki wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, hakukuwa na mwanamke jasiri kama Ciakuthii, ukiwatoa wale wengine wote.

Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti mbele ya Padri, aungame. Mwaka mzima kiapo cha wapiganaji wa msituni kilikuwa kimemkalia tumboni kama jiwe, maana waliomlisha walimwonya: ukikitaja tu, kinakuua papo hapo.

"Padri, nilikula kiapo."

Akafumba macho, akangoja kufa. Kuku akalia huko nje. Jasho likamtiririka puani, tone moja jeupe kama maziwa likadondoka juu ya rozari. Akafumbua jicho moja. Yupo! Na Padri yupo, anajikuna ndevu.

"Mungu amekufungua, mama. Uko huru."

Ciakuthii akashusha pumzi kama punda aliyetuliwa mzigo.

"Na ulimtegemea yeye peke yake?"

"Peke yake kabisa, Padri! Kwingine sikukanyaga."

Padri, mzee aliyekaa Meru miaka ishirini, akalitazama lile tone.

"Na hicho cheupe puani?"

"Ni… unga wa uji, Padri."

"Tangu lini yule mganga wa kuvua viapo, wa ng'ambo ya mto, akaacha chokaa yake akawapaka watu uji?"