Dubu na Kiti cha Korongo

Katika visiwa vya mbali vya theluji, mfalme alikuwa Korongo, lakini mwenye amri alikuwa Dubu, jemadari wake. Dubu ndiye aliyepigana vita na kugawa mashamba, ila kila mwaka ilimbidi ampigie Korongo magoti ndipo avikwe unyoya wa ujemadari.

Mwaka mmoja akachoka. "Mimi na nguvu zote hizi, nampigiaje magoti ndege wa miguu ya njiti?" Akamfukuzia bwawani, akakikalia kiti cha ufalme.

Kesho yake Mbwamwitu, naibu wake, akaingia na jeshi zima, akasimama wima.

"Mbona hupigi magoti?"

"Jana ulitufundisha, bwana mkubwa, kwamba mwenye nguvu hapigi. Na sisi tuko mia."

Dubu akashuka kitini polepole, akamfuata Korongo bwawani, akapiga magoti matopeni.