Karata ya Sweta Jekundu

Karata ya mtoto mwenye sweta jekundu ilikuwa imepotea tena. Gaudiosa aliinua mkeka, akakung'uta kitenge, akachungulia hadi chini ya cherehani. Kristiana, mtoto wa miaka saba, aliutazama moto wa jiko la mkaa kana kwamba mambo hayo hayamhusu.

"Umeikalia?"

"Hapana, dada."

Mchezo huo Gaudiosa alikuwa ameubuni mwenyewe likizo hii ya Juni, kwa maboksi ya sabuni aliyoyakata kwa mkasi wake wa ushonaji. Karata zilikuwa kumi na mbili, nusu mama, nusu watoto. Unazifunika, unafunua mbili mbili, unampa kila mtoto mama yake: kuku na kifaranga, ng'ombe na ndama. Jozi ya mwisho ilikuwa mtoto wa sweta jekundu na mwanamke aliyekaa kwenye cherehani. Lakini kila walipocheza, wanyama wote walipata wenzao, mwanamke wa cherehani akabaki peke yake.

Dada. Neno hilo ndilo lililomuuma. Gaudiosa alimzaa Kristiana akiwa kidato cha pili. Mama yake, Emerensiana, akamchukua mtoto, akatangaza kijiji kizima cha Kaengesa kuwa ni kitindamimba wake, na majirani kwa adabu zao wakajifanya wameamini. Gaudiosa alikuja Chanji, mjini Sumbawanga, kujifunza ushonaji. Miaka yote alimwona mtoto siku za sikukuu tu, akaamkiwa shikamoo kama mgeni mwingine yeyote.

Safari hii alikuwa amempata kwa wiki nne, baada ya kubembeleza sana, na kwa sharti moja. "Ukimwambia," mama yake alisema pale stendi, "humpati tena."

Basi aliahidi kutosema. Karata hazikutajwa kwenye ahadi hiyo. Jozi ya mwisho ikikutana, mtoto angeona mwenyewe, angeuliza, naye angejibu tu alichoulizwa. Nani angemlaumu kwa hilo?

Alichora karata nyingine. Nayo ikapotea siku hiyo hiyo. Alipochora ya tatu alianza kufikiri kwamba labda mtoto ameipenda picha, maana sweta lile lilikuwa lake, Gaudiosa ndiye aliyemfumia. Wazo hilo lilimfurahisha, kisha likamkera. Upepo wa Sumbawanga ulizidi kuwa mkali, siku zilikwisha, na kila asubuhi Kristiana aliuliza zimebaki ngapi hadi Jumapili, siku ya kurudi Kaengesa. Gaudiosa alijua ni huzuni ya kuagana. Hata yeye alikuwa nayo.

Ijumaa, akipanga nguo za mtoto kwenye begi, alizikuta karata zote tatu ndani ya soksi. Hakugomba. Aliitoa moja, akakaa mkekani, akaiweka mkononi mwa Kristiana. Mbele yao palikuwa na karata moja tu, ya mwanamke wa cherehani.

"Haya, mpe mama yake," alisema.

Mtoto hakuiweka. Alianza kulia polepole, bila sauti, akiikumbatia ile karata kifuani. Gaudiosa akamwambia asiogope, huo ni mchezo tu, hakuna atakayemgombeza.

"Mama aliniambia zamani kwamba wewe ndiye uliyenizaa," Kristiana alisema. "Akasema nisikuonyeshe kama najua, maana ukijua, hutanirudisha nyumbani."