Fremu Iliyokohoa

Fundi Godlove alikuwa amekata shingo ya fremu ya baiskeli na kuichomea upya, ili foku, uma unaoshika gurudumu la mbele, ilale mbele na usukani utulie. Nyuma alifunga gurudumu dogo, la inchi ishirini na nne, mzigo ukae chini.

"Haiyumbi tena," alimwambia mama mfinyanzi wa Lyulilo. "Pakia vyungu vyako kumi na viwili, kimoja kikipasuka njiani niite mwongo."

Mama aliinama. Akaigonga fremu kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga vyungu sokoni. Chungu kizima huitika; chenye ufa hukohoa.

Fremu iliitika juu, ikaitika chini. Palipochomewa, ikakohoa.

Godlove akacheka. "Mama, hicho ni chuma, si chungu!"

"Basi panda wewe na vyungu vyangu mpaka Mwaya. Mimi nitakufuata kwa miguu."

Kicheko kikaisha. Godlove akainama, akagonga mwenyewe, mara mbili. Akachukua msasa, akakwangua rangi aliyoipaka asubuhi. Chini yake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya shingo.

"Ndaga, mama," alishukuru kwa Kinyakyusa, akaenda kuchukua msumeno.