Herufi Zilizotoa Kisogo

Ngo, ngo, ngo.

Mlio ulitoka nyuma ya mlango. Halafu kimya.

Chiriku aliganda, brashi mkononi. Ndiyo, Chiriku, yule msichana ambaye ofisi nzima ya makumbusho ilimbandika jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui kufunga. Leo ulikuwa umekauka kama gunzi.

"Mzee," alinong'ona, "huko nyuma kuna nini?"

"Achana nao," alisema yule mzee bila kuinuka kitandani. "Hubisha, wakichoka huacha. We fanya kazi yako, mwanangu."

Kazi yenyewe, jamani, alikuwa ameililia. Mabamba yote ya kale ya mji yalikuwa yameshapigwa picha, yakanakiliwa, yakang'olewa na kuhifadhiwa. Lilibaki hili moja tu, la wadi ya mwisho ya hospitali kongwe, jengo lililofungwa kabla hata mama yake hajazaliwa. Mchana huo tingatinga lingelilaza chini. Bamba likipotea, limepotea na habari zake milele, na bosi alishasema: "Ukiniletea hili, ajira unayo. Ukilikosa, tutaonana kwenye harusi."

Binamu yake, dereva wa ofisi, alikuwa amemkanya. "Nisubiri hapa nje, nikamtafute mlinzi atufungulie kwa mbele. Na usilete kimbelembele chako!"

"Mimi? Kimbelembele?"

"Hapana, bibi yangu."

Lakini Chiriku na subira ni paka na panya. Tingatinga lilikuwa limeanza kazi jana, likatoboa tundu kwenye ukuta wa nyuma. Binamu hajapinda hata kona, yeye keshapenyeza kichwa.

"Hodi!"

"Karibu! Karibu ndani, mwanangu."

Moyo nusura umtoke. Kumbe mlinzi mwenyewe alikuwa humo humo, amekaa juu ya kitanda cha chuma kisicho na godoro, vumbi mpaka kwenye kope, anapepesa macho kama mtu aliyewashiwa taa usingizini.

"Shikamoo mzee! Umenitisha! Na binamu yangu anakuzungukia jengo zima."

"Marahaba. Mimi siendi mbali."

"Umelinda hapa siku nyingi?"

Mzee alilifikiria swali kwanza. Halafu akacheka, kicheko kikavu, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. "Tangu mlango ule ulipofungwa," alisema. "Sijauvuka tena."

Hapo ndipo Chiriku alipoutazama vizuri ule mlango. Mlango ulikuwa wa mbao nene, na katikati yake, palipokuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, palizibwa na bamba la shaba lililoganda kutu ya kijani, tabaka juu ya tabaka. Mlinzi mzima, mwenye jengo lake, mlango mmoja unamshinda kuvuka! Huko kuna nini?

Sasa mlio ulikuwa umeshakoma; akakwangua kutu kwa brashi haraka haraka. Akabandika karatasi, akaanza kusugua kwa mkaa. Herufi za mabamba haya zilipigwa kwa nyundo kutoka nyuma zikatuna mbele, kwa hiyo mkaa unazidaka vizuri. Bosi wao hupenda kuwatania wageni wa kazi: "Herufi zikikupa kisogo, omba radhi uondoke. Umetokea uani kwa watu."

Ngo, ngo, ngo!

Safari hii mlango ulitikisika. Mkaa ukamponyoka, akauokota, akaendelea. Maandishi yakatokea kinyumenyume, hayasomeki, kama gazeti mbele ya kioo.

"Hofu hii!" alijilaumu. "Hata karatasi nimeiweka vibaya."

"Unaogopa nini?" mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa karibu zaidi kuliko kitanda.

"Huyo anayebisha."

"Hata mimi nilikuwa nikimwogopa."

Hakukuwa na muda wa kuanza upya. Chiriku aliibandua karatasi, akaigeuza nyuma mbele, akaiinua kwenye mwanga uliopita tunduni. Maneno yakakaa sawa:

MLANGO HUU USIFUNGULIWE. ALIYEMO ASITOLEWE.

Akarudi nyuma hatua moja, nyingine, mbali na ule mlango, mpaka mgongo wake ukagusa kifua cha mzee. Afadhali, hayuko peke yake! Akamng'ang'ania mkono. Ulikuwa wa baridi kama bomba.

"Mzee, twende zetu! Tutokee tunduni, kabla huyo wa huko hajauvunja!"

Mzee hakusogea. Alikuwa amesimama kati yake na tundu.

Nyuma ya mlango sauti ikaita, nzito, imefifia ndani ya mbao.

"Chiriku!"

Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mungu wangu, linajua jina langu!

"Chiriku, umo humo? We mtoto, si nilikwambia usubiri? Nimempata mlinzi, huyu hapa ninaye!"

Mzee aliinama taratibu, akaiokota ile karatasi iliyoanguka, akampa kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Nisomee kwa sauti, mwanangu," alisema. "Upande wetu huu bamba hilo halijawahi kusomeka."